Doa la unyayoni, maumivu ya tumboni

Mtu anafika hospitali akilalamikia tumbo. Linanyonga, linaacha, linarudi. Choo kimekuwa cheusi, akipanda ngazi pumzi zinamwishia, na kipimo kinaonyesha damu imepungua. Mawazo hukimbilia vidonda vya tumbo. Ni nadra kuulizwa habari za doa jeusi alilokatwa unyayoni miaka iliyopita.

Wengi tunadhani saratani ya ngozi ni ya wenye ualbino tu. Lakini melanoma, aina ya saratani hiyo inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, hutupata na sisi weusi, na mara nyingi pale pasipopigwa jua: unyayoni, kiganjani, chini ya ukucha. Ya Bob Marley iligunduliwa mwaka 1977 kwenye kidole gumba cha mguu. Alikataa kukatwa kidole. Mei 1981 alifariki Miami akiwa na miaka 36, ikiwa imeshasambaa mwilini.

Seli za melanoma hupita kwenye mishipa ya limfu, ndiyo maana mtoki usiopoa kwa mwenye doa mguuni si wa kupuuzwa. Nyingine huingia kwenye damu zikafika kwenye ini na matumbo, hasa utumbo mwembamba. Uvimbe ukikua huvuja damu kidogokidogo. Pengine huuvuta utumbo ukajiingiza ndani yake wenyewe, kama mkono wa shati uliokunjwa nusu. Chakula hakipiti, mgonjwa anatapika, tumbo linajaa.

Uchunguzi wa maiti za waliokufa kwa melanoma umewahi kukuta hadi asilimia 60 imefika kwenye njia ya chakula. Wanaogunduliwa wangali hai hawafiki asilimia 5. Tofauti hiyo inaniuma. Kamera ya mdomoni huishia mwanzoni mwa utumbo mwembamba, ile ya njia ya haja kubwa huangalia utumbo mpana. Katikati hubaki mita kadhaa zisizoonekana. Picha ya CT husaidia, lakini daktari ataiagiza vipi kama hajui historia?

Upasuaji unaweza kuzuia damu na kufungua njia. Dawa za kizazi kipya za kuamsha kinga ya mwili, zilizoanza kuidhinishwa Marekani mwaka 2011, zimewaongezea baadhi ya wagonjwa miaka, ingawa bei yake bado inawashinda wengi wetu.

Kwa hiyo aliyewahi kukatwa doa, hata kama imepita miaka kumi, abebe karatasi ya majibu ya maabara na aanze na habari hiyo kabla ya kusimulia tumbo.