Je, Wajua? Vita vya Ngoma Kiganjani

Jeshi hili halisogei bila ngoma
Patapon, gemu ya mashine ya mkononi ya PSP iliyotoka Japani Desemba 2007, haina kitufe cha kutembea wala cha kupigana. Una ngoma nne tu: pata, pon, don na chaka. Ukipiga pata-pata-pata-pon, askari wako, vijicho vyeusi vyenye miguu, wanasonga mbele. Pon-pon-pata-pon, mikuki inaruka! Kati ya mpigo na mpigo una kama nusu sekunde, na kila amri wanaiitikia kwa wimbo kabla hujapiga nyingine. Ukilenga mfululizo wanapandwa na mzuka, wanapiga kwa nguvu zaidi. Ukipapatika, wanaduwaa mbele ya adui.

Lamu walitangulia
Kirumbizi: wanaume wawili, bakora mkononi, wanakabiliana huku ngoma na zumari zikiwapa mwendo. Hakihitaji chaji.

Pikachu alisemaje ndani ya Game Boy?
Mashine ile ya 1989 ilijengwa kwa milio, si kwa maneno. Lakini mwaka 1998, katika gemu ya Pokémon Yellow, Pikachu akajitaja jina kwa sauti ya Ikue Otani, mwigizaji yuleyule wa katuni. Mafundi waliipunguza sauti yake mpaka zikabaki hali mbili tu, ipo au haipo, zikipishana maelfu ya mara kwa sekunde. Inakwaruza kama redio inayotafuta stesheni, ila ni yeye, humkosei.

Sauti moja, wahusika wote
Gemu kubwa huajiri waigizaji wa sauti chungu nzima. Dar es Salaam, Derek Mukandala, maarufu Lufufu, aliingiza Kiswahili kwenye filamu za kigeni peke yake: shujaa ni yeye, jambazi ni yeye, na maelezo ya pembeni ni yeye. Ningelipa kumsikia akisimulia Patapon.

Kiswahili kilibeba Grammy
“Baba Yetu” ya Christopher Tin, wimbo wa gemu ya Civilization IV (2005), ilishinda tuzo hiyo ya muziki mwaka 2011. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya gemu.

Mliopo Tunduma, tumieni waya
Programu ya PPSSPP, iliyopo tangu 2012, huigeuza simu kuwa PSP, kwa hiyo hata dereva aliye kwenye foleni ya malori ya kuingia Nakonde, upande wa Zambia, anaweza kuongoza jeshi la Patapon. Tatizo ni hedifoni za bluetooth: huchelewesha sauti kidogo, kidole kinafuata mpigo uliokwisha pita. Kama huna za waya, tumia spika ya simu yenyewe, na jirani avumilie.