Biashara ya Baridi katika Magari ya Kale

Katika kazi zote za kulirudishia uhai gari la kale, yaani gari lililotengenezwa miongo kadhaa iliyopita na linalotunzwa kwa thamani yake ya kihistoria au kwa mapenzi ya mwenyewe, matengenezo ya kiyoyozi ni miongoni mwa yale yanayoahirishwa mpaka mwisho, na yakifanywa vibaya humrudisha mwenye gari gereji mara kwa mara. Injini iliyochoka husikika na bodi iliyooza huonekana, lakini kiyoyozi kinachovuja hufa kimyakimya, gesi ikipotea kidogo kidogo kwa miezi, hadi siku ya joto kali inapofika na matundu ya dashibodi yakatoa hewa ya moto. Juu ya tatizo hilo imesimama biashara yenye viwanda, maduka ya vipuri na mafundi wa fani yake, ambayo kitovu chake kiko katika majimbo yenye joto ya kusini mwa Marekani, na ambayo maswali yake makuu yanawagusa pia wamiliki wa Mercedes-Benz na Peugeot za zamani walioko Mombasa, Dar es Salaam na Muscat.

Mfumo wenyewe ni mzunguko uliofungwa. Kompresa, ambayo ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, huibana gesi ya kupoozea mpaka ikapata moto. Gesi hiyo huingia katika kondensa, wavu wa mabomba membamba uliowekwa mbele ya rejeta, ambamo hutoa joto lake nje na kugeuka kimiminika. Kimiminika hupita katika chupa ya kukaushia, yenye punje zinazonyonya unyevu, kisha katika vali ya upanuzi, ambayo ni tundu dogo linaloshusha mgandamizo kwa ghafula. Na mwishowe huingia katika evaporeta, iliyofichwa nyuma ya dashibodi, ambamo huchemka kwa joto la chini na kunyonya joto la hewa inayopulizwa na feni kuelekea kwa abiria. Mzunguko huu haujabadilika kimsingi tangu magari ya kwanza yenye viyoyozi. Kilichobadilika ni gesi inayozunguka ndani yake, na badiliko hilo ndilo lililoigeuza kazi ya kawaida ya gereji kuwa taaluma inayojitegemea.

Kampuni ya Packard ndiyo iliyotangulia kuuza gari lenye kiyoyozi kutoka kiwandani, katika magari yake ya mwaka 1940. Mitambo yake ilikula sehemu kubwa ya buti na haikuwa na klachi ya kuitenga kompresa na injini, hivyo dereva aliyetaka kukizima kabisa alilazimika kusimamisha gari, kufungua boneti na kuuvua mkanda kwa mkono. Mwaka 1954 kampuni ya Nash iliuza mfumo uliokusanya vifaa vyote sehemu ya mbele ya gari, chini ya boneti na nyuma ya dashibodi, mpangilio ambao ndio unaotumika hadi leo, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 zaidi ya nusu ya magari mapya yaliyouzwa Marekani yalikuwa na viyoyozi. Hiyo ndiyo sababu soko la kazi hii ni la Marekani kwanza, kwani Ulaya ya miaka hiyo ilihesabu kiyoyozi kuwa anasa ya magari machache ya bei kubwa.

Gesi iliyotumika katika magari hayo yote ni ile inayoitwa R-12, iliyouzwa kwa jina la Freon. Ilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na watafiti wa General Motors wakiongozwa na Thomas Midgley, na ilipokelewa kwa furaha kwa sababu haikuwa na sumu wala haikushika moto, tofauti na amonia na gesi nyingine zilizotumika katika majokofu ya wakati ule. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kuwa gesi za jamii hiyo, zikipanda angani, huachia klorini inayoharibu tabaka la ozoni, lile linalowakinga viumbe dhidi ya miale mikali ya jua. Kazi yao iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1995, pamoja na Paul Crutzen. Itifaki ya Montreal, iliyotiwa saini Septemba 1987 na kukazwa baadaye, iliziamuru nchi tajiri zisitishe uzalishaji wa R-12 mwishoni mwa mwaka 1995, na nchi zinazoendelea zikapewa muda hadi mwanzoni mwa mwaka 2010.

Kwa wanabiashara, tarehe hizo zilikuwa tetemeko. Marekani ilianza kuitoza gesi hiyo kodi mwaka 1990, bei ikapanda, na katikati ya muongo huo magendo ya R-12 katika bandari ya Miami yalikuwa makubwa kiasi cha kutajwa kuwa ya pili kwa thamani baada ya dawa za kulevya. Leo R-12 inayouzwa kihalali nchini humo hutoka katika akiba za zamani au katika gesi iliyovutwa kutoka kwenye mitambo mingine na kusafishwa, na fundi anayeinunua kwa kazi ya magari hutakiwa kuwa na cheti kinachotolewa chini ya sheria ya hewa safi. Gari la mwaka 1965 lililohitaji kilo moja na nusu au zaidi ya gesi, wakati gari dogo la leo huridhika na nusu kilo, likajikuta limeundwa kwa ajili ya kitu ambacho hakitengenezwi tena.

Jibu la viwanda lilikuwa R-134a, gesi isiyo na klorini, iliyoingia katika magari mapya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kuanzia hapo ukazaliwa mjadala ambao bado unagawanya gereji: je, mfumo wa zamani ubadilishwe ukubali gesi mpya au ubakizwe na gesi yake? Wauzaji wa mwanzo wa makasha ya kubadilishia gesi walilifanya jambo hili lionekane jepesi mno, kana kwamba kubadili viungio vya kujazia na kumimina gesi mpya kungetosha, na wenye magari wengi walilipa gharama ya ahadi hiyo. Mafuta ya madini yaliyolainisha kompresa za R-12 hayachanganyiki na R-134a, hivyo hubaki yametuama chini ya mfumo huku kompresa ikisagika kwa ukavu. Ni lazima yaoshwe na nafasi yake ichukuliwe na mafuta ya sintetiki yanayosafiri pamoja na gesi. Molekuli za R-134a ni ndogo zaidi na hupenya katika mpira wa hozi za zamani, ndiyo maana hozi mpya hutengenezwa zikiwa na utando wa nailoni ndani yake. Punje za chupa ya kukaushia nazo hazipatani na gesi mpya, hivyo chupa nzima hubadilishwa, na kiasi cha gesi hupunguzwa hadi takriban asilimia 80 au 90 ya kile kilichoandikwa na kiwanda, kwa kuwa kujaza kupita kiasi huipandisha kompresa mgandamizo usioweza kuhimilika.

Hata hayo yote yakitimizwa, lipo jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni kondensa. R-134a huhitaji kutupa joto jingi zaidi mbele ya gari ili ifanye kazi sawa na mtangulizi wake, na kondensa ya zamani, yenye bomba moja linalopindapinda kama nyoka, hailiwezi joto hilo gari linapokwama katika foleni. Kondensa mpya ambamo gesi hupita katika mabomba mengi bapa kwa wakati mmoja hulitatua tatizo hilo kwa sehemu kubwa, na fundi anayemshauri mteja abadili gesi pasipo kubadili kondensa anamuuzia baridi ya barabara kuu peke yake.

Mahitaji hayo ndiyo yaliyolisha viwanda vya vipuri, hasa katika jimbo la Texas. Vintage Air, iliyoanzishwa San Antonio mwaka 1976 na Jack Chisenhall, ilijenga jina lake kwa kuuza mifumo mizima ya kisasa iliyopimwa ikae katika magari ya zamani, yenye kompresa ndogo na evaporeta mpya. Mfano unaoeleza tofauti hiyo vizuri ni kompresa ya A6 ya kitengo cha Frigidaire cha General Motors, iliyotoka mwaka 1962 na kufungwa katika magari mengi ya kampuni hiyo kwa karibu miaka 20: ni pipa la chuma lenye uzito wa kilo 16 hivi, wakati kompresa ya Sanden ya pistoni 5, ambayo mara nyingi huchukua nafasi yake, haifiki nusu ya uzito huo na huipunguzia injini mzigo unaohisika. Hata hivyo A6 bado hufunguliwa, hubadilishwa sili na beringi, hupakwa rangi nyeusi na kubandikwa lebo ya kiwandani, kwa kuwa katika maonyesho ya magari ya kale waamuzi hufungua boneti na kila kifaa kisicho cha asili hupunguza alama, na alama zilizopungua hupunguza bei ya gari mnadani. Kwa gari la aina hiyo R-12 bado ndiyo chaguo sahihi licha ya bei yake, ilimradi mfumo uzibwe vizuri kwanza. Kwa gari linalokwenda kazini kila siku, mfumo mpya ni uamuzi wa busara zaidi.

Sehemu kubwa ya bili, hata hivyo, ni saa za fundi. Evaporeta ya gari la kale inaweza kugharimu fedha kidogo dukani na bado ikadai siku nzima au mbili za kazi, kwa sababu ili kuifikia huenda dashibodi ikabidi ifumuliwe, nyaya zilizokauka kwa umri zisogezwe bila kukatika, na plastiki iliyokakamaa irudishwe bila ufa. Kutafuta mvujo nako kuna ustadi wake. Fundi mzuri huanza na macho kabla ya geji: hupitisha kidole kwenye maungio, akitafuta vumbi lililoshikana kwa unyevu wa mafuta, kwani gesi inayotoroka hubeba chembe za mafuta na kuacha doa jeusi lenye kunata pale ilipopitia. Oringi, ile pete ya mpira isiyozidi upana wa ukucha inayoziba ungio la mabomba mawili, ikitolewa baada ya miaka 40 hukutwa imekuwa bapa na ngumu kama pande la plastiki, na nafasi yake huchukuliwa na pete ya kijani isiyodhurika na gesi mpya wala mafuta yake. Baada ya kuziba, mfumo hufungwa pampu ya vakyumu kwa nusu saa au zaidi, mpaka hewa iwe haba kiasi kwamba maji yaliyonaswa ndani huchemka kwa joto la kawaida la chumba na kutoka yakiwa mvuke, kwani unyevu ukibaki hutengeneza asidi inayokula chuma kutoka ndani. Kisha pampu huzimwa na geji huachwa. Mshale ukirudi nyuma, bado kuna tundu, na hakuna sababu ya kufungua mtungi wa gesi.

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki hesabu hupinduka. Saa ya fundi ni nafuu na kipuri ni ghali, hivyo kifaa ambacho Texas kingetupwa hufufuliwa hapa: hozi mpya hukatwa na kubanwa vichwa vya zamani, kondensa ya alumini iliyoliwa na hewa ya chumvi huchomelewa, na kompresa hupewa beringi na sili, huku vipuri vilivyotumika vikiagizwa kutoka katika masoko ya Sharjah, ambayo wafanyabiashara wa eneo hili wameyategemea kwa miaka mingi. Ustadi huo ni mtaji wa kweli. Unachokosa ni vifaa vya kupimia, na pengo hilo limefungua mlango kwa desturi ya kujaza gesi tu, ambayo humpa mteja baridi ya wiki chache na kumrudisha akiwa na mfuko mwepesi zaidi.

Ndani ya desturi hiyo kuna hatari iliyo kubwa kuliko hasara. Mwaka 2011 makontena yenye mitambo ya kupoozea iliyojazwa R-134a bandia, iliyochanganywa na kloridi ya metili, yalilipuka na kuua wafanyakazi, kwa kuwa kemikali hiyo hushambulia alumini na kuzalisha kitu kinachowaka papo hapo kinapogusana na hewa. Kompresa na kondensa nyingi za magari zimetengenezwa kwa alumini hiyohiyo. Mtungi wa bei ya kutupa, usiojulikana ulikotoka, haufai kuunganishwa na gari lolote, na gereji inayojiheshimu ingefanya vyema kununua kifaa cha kutambulisha gesi kabla ya kununua bango jipya.

Zaidi ya hayo, R-134a yenyewe imeanza kuifuata njia ya R-12. Haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,400 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa, na Marekebisho ya Kigali, yaliyopitishwa katika mji mkuu wa Rwanda tarehe 15 Oktoba 2016, yamezipangia nchi nyingi zinazoendelea kuzuia ongezeko la gesi za jamii hiyo kuanzia mwaka 2024 na kuzipunguza kwa asilimia 80 ifikapo mwaka 2045. Katika Umoja wa Ulaya magari mapya yamezuiwa kuitumia tangu mwaka 2017. Magari mengi yaliyoagizwa kutoka Japani yanayojaza barabara za Tanzania na Kenya yanatumia R-134a, na baadhi yake yatakuwa ndiyo magari ya kale ya kesho, yakihitaji gesi ambayo itakuwa inaadimika. Gereji itakayokuwa na mashine ya kuvuta na kuhifadhi gesi badala ya kuiachia hewani itakuwa na akiba ya kuuza wakati wenzake wakihangaika, na hilo linajulikana tayari kwa waliohifadhi R-12 miaka 30 iliyopita.

Uamuzi wa kwanza, hata hivyo, uko mikononi mwa mteja, naye hahitaji mashine yoyote kuuchukua: mwenye gari anayepewa bili ya gesi kwa mara ya pili katika mwaka mmoja ana haki ya kuonyeshwa, kabla ya kulipa, mahali ilipotokea gesi ya mara ya kwanza.