Mitambo ya Intaneti Inapotenganishwa: Kujitegemea au Utegemezi wa Sura Mpya?

Mazungumzo mengi juu ya intaneti ya kasi mkoani Kigoma huishia kwenye swali moja: je, imefika au haijafika? Swali hilo ni halali. Mwananchi wa Kagunga, aliyebanwa kati ya mlima na ziwa, ana haki ya kuliuliza sawa na mwananchi wa Mwanga mjini. Hata hivyo swali hilo peke yake halitoshi. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini wakoloni wa Kijerumani hawakuijenga kwa ajili ya mkulima wa michikichi wala mvuvi wa dagaa. Kwa hiyo kila nyenzo kubwa ya uchumi inapofika mahali, hatuna budi kuuliza pia: nani anaimiliki, nani anajua kuiendesha, na nani anaweza kuibadili?

Madhumuni ya makala haya ni kueleza badiliko linaloendelea duniani katika ujenzi wa mitandao ya intaneti, yaani kutenganisha mitambo katika sehemu zake na kuhamishia kazi nyingi za mitambo hiyo ndani ya programu za kompyuta. Badiliko hili lina sura ya ufundi na sura ya uchumi wa siasa. Kada asiyeielewa sura ya kwanza hawezi kuijadili ya pili.

1. Mtandao wa kumfikia mtumiaji

Mtandao wa intaneti una sehemu kuu mbili. Sehemu ya kwanza ni njia kuu. Hapa kwetu njia hiyo ni Mkongo wa Taifa, ulioanza kujengwa mwaka 2009 na unaosimamiwa na TTCL. Sehemu ya pili ni mtandao wa kumfikia mtumiaji: vijia vinavyotoka kituoni kwenda kwenye nyumba, duka, shule na zahanati. Mkongo ukifika mjini bila vijia hivyo, ni sawa na bomba kubwa la maji linalopita mbele ya kijiji kisicho na mabomba ya mitaani.

Katika mji kama Kigoma, njia bora ya kumfikia mtumiaji ni uzi wa kioo, ambao wananchi huuita faiba. Kituoni hukaa mtambo unaotuma mwanga. Uzi mmoja hutoka hapo, hufika kwenye kigawa mwanga, kisha hugawanyika kwenda nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64. Kila nyumba ina kisanduku kinachopokea mwanga na kuurudisha. Kwa kiwango cha G.984 cha Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, kinachotumika sana duniani, uzi huo mmoja hushusha karibu gigabiti 2.5 kwa sekunde, nazo hugawanywa kwa watumiaji wote waliounganishwa nao.

Ugumu upo katika kurudisha. Visanduku vyote hutumia uzi uleule, hivyo vikituma kwa pamoja habari zitagongana. Mfano wake ni gati dogo la maboti mengi: bila msimamizi wa zamu hakuna atakayeshusha mzigo salama. Msimamizi huyo ni mtambo wa kituoni, nao hugawa zamu katika vipindi 8,000 kwa kila sekunde. Tuikumbuke hesabu hii, maana tutairudia.

2. Sanduku lililofungwa

Kwa desturi mtambo wa kituoni huuzwa ukiwa kitu kimoja kilichofungwa. Chuma chake, chipu zake, programu yake na chombo cha kuusimamia vyote hutoka kwa kampuni moja. Anayenunua mtambo hununua pia ndoa isiyo na talaka. Akitaka kuongeza uwezo, hurudi kwa muuzaji yuleyule. Akitaka huduma mpya, husubiri muuzaji aamue lini ataiweka katika programu. Kitu kikiharibika, fundi wa hapa hubadilisha kadi tu. Sababu ya uharibifu hujulikana makao makuu ya kampuni, ng'ambo.

Viwango vya kimataifa vimekuwapo, lakini mara nyingi kila kampuni iliongeza mambo yake katika lugha ya kusimamia visanduku vya nyumbani, kiasi kwamba kisanduku cha kampuni moja kilikataa kufanya kazi na mtambo wa nyingine. Kiwango kilikuwapo kwenye karatasi, lakini mnunuzi aliendelea kufungwa.

Tusidhani kuwa utegemezi huu huwapata maskini peke yao. Julai 2020 serikali ya Uingereza iliamuru vifaa vya Huawei viondolewe katika mitandao ya simu ya kizazi cha tano ifikapo mwisho wa mwaka 2027. Nchi tajiri ilihitaji miaka saba kujitoa kwa muuzaji mmoja.

Hapa nchini tumejifunza jambo kuhusu umiliki. Mwaka 2001 asilimia 35 ya hisa za TTCL ziliuzwa kwa wawekezaji wa nje. Mwaka 2016 Serikali ilizinunua tena kutoka Bharti Airtel. Hisa zilirudi, na hilo ni jambo jema. Lakini ujuzi uliofungiwa ndani ya mtambo haurudi kwa kununua hisa. Umiliki wa shirika na umiliki wa ujuzi ni mambo mawili, na la pili ni gumu zaidi.

3. Maana ya kutenganisha

Badiliko tunalolizungumzia lina hatua tatu.

Kwanza, chuma hutenganishwa na programu. Mnunuzi hununua kifaa cha kawaida kwa mtengenezaji mmoja, na programu kwa mwingine, au hutumia programu ya wazi ambayo kila mtu anaweza kuisoma na kuirekebisha. Mojawapo ni VOLTHA, inayowezesha mitambo ya faiba ya makampuni mbalimbali kusimamiwa kwa njia moja.

Pili, kazi ya kuamua hutenganishwa na kazi ya kupitisha. Kumtambua mteja, kumpa anwani na kupima matumizi yake ni kazi ya kuamua, na inaweza kufanywa na programu ndani ya seva ya kawaida. Kusukuma habari kwenda na kurudi ni kazi ya kupitisha, na huhitaji kifaa chenye nguvu karibu na mteja. Mwaka 2020 shirika la viwango la Broadband Forum lilitoa waraka wa TR-459 unaoeleza jinsi kazi hizi mbili zinavyotenganishwa katika lango la wateja.

Tatu, kazi za kuamua zikishakuwa programu, zinaweza kuhamishwa. Si lazima zikae katika kila kituo. Zinaweza kukusanywa katika kituo kimoja cha data na kuhudumia miji mingi.

Haya si ndoto. Nchini Ujerumani, Deutsche Telekom ilianza kuunganisha wateja kwa mtambo wa namna hii mjini Stuttgart mwaka 2020. Mwaka huohuo, Japani, kampuni ya Rakuten ilifungua mtandao wa simu uliojengwa kwa programu juu ya seva za kawaida. Ng'ambo ya ziwa letu, mwaka 2019 Vodafone iliitaja Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo miongoni mwa nchi za majaribio ya minara ya simu ya mfumo wa wazi.

4. Siri iko kwenye kiungo

Hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba kitu kikishagawanywa vipande, basi kimekuwa huru. Historia ya Kigoma yenyewe inakanusha dhana hiyo. Meli tunayoiita Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari na reli hadi Kigoma, na kuundwa upya. Ilishushwa majini mwaka 1915. Ilikuja vipande vipande, naam, lakini kila kipande kilifaa kwa meli hiyo tu, na wenye ramani walikuwa mafundi watatu waliotumwa kutoka Papenburg. Vibarua Waafrika walibeba na kugongomea; ramani haikuwa yao.

Linganisheni na behewa. Behewa lolote la kipimo cha mita moja, liwe limeundwa na nani, litapita katika reli ya zamani kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Kinacholiruhusu ni kipimo kilichokubaliwa kati ya gurudumu na reli. Behewa hilohilo haliwezi kupita TAZARA, yenye milimita 1,067, wala reli ya kisasa yenye milimita 1,435. Ndiyo sababu Kidatu, mahali TAZARA inapokutana na tawi la Reli ya Kati, mzigo huhamishwa kutoka behewa hadi behewa.

Fundisho ni hili: uhuru wa mnunuzi haupimwi kwa wingi wa vipande, bali kwa kiungo kati ya vipande. Kiungo kikiwa cha wazi, kimeandikwa na kimejaribiwa, kipande kibaya kitang'olewa na kingine kupachikwa. Kiungo kikiwa siri ya kampuni, tutakuwa tumenunua Liemba nyingine.

5. Ubongo ukae wapi?

Kwa mji ulioko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani, suala la mahali ni zito. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri karibu kilomita 200 kwa elfu moja ya sekunde. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam na kurudi, kwa hesabu ya chini kabisa, ni elfu 12 za sekunde. Katika muda huo msimamizi wa zamu tuliyemtaja amekwisha kupita vipindi 96. Ni dhahiri kwamba msimamizi huyo hawezi kukaa Dar es Salaam. Hana budi kubaki Kigoma. Asemaye kuwa kila kitu kinaweza kupelekwa kituo kikuu, hajapiga hesabu.

Lango la wateja ni jambo jingine. Kiufundi linaweza kuwekwa pwani. Lakini likiwekwa huko, ujumbe wa duka la Ujiji kwenda ghala la Kibirizi, mwendo wa kilomita chache, utalazimika kusafiri hadi Dar es Salaam na kurudi. Na njia kuu ikikatika, Ujiji na Kibirizi hawataonana tena ndani ya mji wao. Hatari ya kukatika si ya kubuni: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na huduma ya intaneti nchini ikadorora. Hivyo basi, faida ya kutenganisha itumike kwa busara: usimamizi wa jumla ukusanywe, lakini kazi ya kupitisha, pamoja na akiba ya uwezo wa kuamua, ibaki kando ya ziwa.

6. Utegemezi wa sura mpya

Sanduku likifunguliwa, kazi mpya huzaliwa: kuviunganisha vipande na kubeba lawama visipopatana. Zamani muuzaji mmoja aliwajibika kwa yote. Sasa mwenye chuma atamlaumu mwenye programu, na mwenye programu atamlaumu mwenye chuma. Shirika lisilo na mafundi wake litaajiri kampuni ya nje ili iunganishe, na kampuni hiyo ndiyo itakayokuwa bwana mpya. Rakuten, pamoja na utajiri na wahandisi wake, ilipata hasara kubwa kwa miaka kadhaa ilipoingia katika kazi hiyo. Aidha, chipu zilizomo ndani ya vifaa hivi vya wazi bado hutoka kwa makampuni machache sana ulimwenguni. Utenganishaji unafungua mlango mmoja wa ukiritimba. Milango mingine imebaki imefungwa.

Huu ndio mkinzano wa jambo hili. Ufundi unaomwezesha mnunuzi kujitawala ndio uleule unaomdai ujuzi mwingi zaidi. Asiye na ujuzi huo atabadilisha bwana tu.

7. Majukumu

Kutokana na maelezo haya, kada na mwanafunzi wanaweza kushika mambo manne.

(a) Mikataba ya mitambo ipimwe kwa viungo vyake. Muuzaji aonyeshe, kabla ya malipo, kwamba kisanduku cha kampuni nyingine kinafanya kazi na mtambo wake.

(b) Programu ya wazi isichukuliwe kuwa ni ya bure. Fedha inayookolewa katika ununuzi ielekezwe kwenye mafunzo ya mafundi.

(c) Mafundi hao wasirundikane Dar es Salaam. Mtandao wa Kigoma uwe na watu wa Kigoma wanaoweza kusoma kosa la programu na kulirekebisha, pamoja na kubadilisha kadi.

(d) Kila mpango uulizwe swali hili: njia ya kwenda pwani ikikatika leo, ni kazi gani zitaendelea katika mji huu?

Swali la kwamba intaneti imefika au haijafika litaendelea kuulizwa vijijini, na lijibiwe kwa vitendo. Lakini kila linapoulizwa, liambatane na lile la pili: ikiharibika, nani ataitengeneza? Siku jibu la swali hilo litakapokuwa ni jina la fundi aliyeko Kigoma, utenganishaji wa mitambo utakuwa umetufaa.