Sensa ya sukari: ulizia bei, kisha uliza namba zinakwenda wapi

Tuanze na hesabu ya Marekani, kwa kuwa huko bei zimewekwa wazi. Stripu 50 za kupimia sukari za ReliOn, zinazouzwa Walmart, ni kama dola 9. Anayejipima mara nne kwa siku hutumia stripu 120 kwa mwezi, yaani dola 22 hivi, ukiacha sindano za kutobolea kidole. Stelo ya kampuni ya Dexcom, sensa ya kubandika inayopima sukari mfululizo, iliyoanza kuuzwa bila cheti cha daktari Agosti 2024, ni dola 99 kwa mbili, na kila moja hukaa mkononi siku 15. Yaani zaidi ya mara nne ya gharama ya stripu kwa mwezi.

Kwa bei, stripu imeshinda. Ila stripu hukwambia sukari ilipo, haikwambii inakoelekea. Ukipima 5.1 kabla ya kulala, huenda sukari imetulia, huenda pia inaporomoka. Sensa huweka mshale kando ya namba, na kwa anayechoma insulini mshale huo una thamani kuliko namba yenyewe.

Hata hivyo, sensa si zote sawa. Stelo haikutengenezwa kwa wanaotumia insulini: haipigi kengele sukari inaposhuka. Hao watazame Dexcom G7, ya siku 10, au Libre 3 Plus ya Abbott, ya siku 15. Zote mbili hurusha namba kwenye simu kwa Bluetooth na kuamsha mtu usiku. Libre ya kwanza, iliyoingia sokoni Ulaya mwaka 2014, ilikuwa ya kugusisha kifaa kwenye sensa, na kumbukumbu yake ilibeba saa nane tu. Aliyelala muda wa saa tisa bila kugusisha alipoteza saa nzima ya usiku wake. Ndiyo maana watu wakaanza kununua vidude kama MiaoMiao, vya kubandika juu ya sensa ili irushe namba yenyewe.

Tamaa hiyo ya kuzitoa namba kifaani ilikuwa na historia. Mwaka 2013 John Costik, mtaalamu wa programu wa jimbo la New York, alitaka kuiona sukari ya mwanawe akiwa kazini. Sensa ya Dexcom ya wakati ule ilionyesha namba kwenye kipokeo chake tu. Akaunganisha kipokeo na simu kwa waya, akazituma namba kwenye intaneti. Wazazi wengine wakajiunga naye, ikazaliwa Nightscout, programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote.

Kampuni nazo zikaamka. Leo Dexcom inaruhusu watu hadi 10 wakufuatilie, na LibreLinkUp ya Abbott hadi 20, bila malipo. Kwa familia nyingi hiyo inatosha, na ningeanza hapo. Kasoro yake ni kwamba ukihama kampuni unaanza upya na programu nyingine. Nightscout hupokea namba za sensa za kampuni mbalimbali na kuziweka mahali pamoja, chini ya mamlaka yako.

Lakini bure yake ina masharti. Wengi waliiweka kwenye seva za Heroku, na Novemba 2022 Heroku ikafuta huduma ya bure. Sasa anayetaka kuhudumiwa bila usumbufu hulipa hadi dola 12 hivi kwa mwezi. Wenye Nightscout wenyewe huonya kuwa si kifaa cha kuamulia tiba. Kama nyumbani hakuna mtu wa kuirekebisha ikikwama, achana nayo.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anayeletewa sensa na ndugu wa ughaibuni: soma kwenye boksi tarehe ya mwisho na kiwango cha joto, maana nyingine hazitaki kuhifadhiwa kwenye joto linalozidi nyuzi 25. Hakikisha programu yake inapatikana kwenye simu yako, katika nchi yako. Ikionyesha 100, usishtuke. Hicho ni kipimo cha Marekani, gawanya kwa 18 upate 5.6. Bando likiisha, mgonjwa bado anaziona namba zake. Anayekosa habari ni mama anayemfuatilia akiwa kazini.

Anayemeza vidonge vya metformin tu asijitie kwenye deni la sensa. Anunue mashine kwa kuangalia bei ya stripu zake, kwa kuwa kila mashine hukubali stripu zake tu. Anayechoma insulini, uwezo ukiruhusu, achukue sensa yenye kengele. Na stripu zibaki kabatini: sensa husoma majimaji ya chini ya ngozi, nayo huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu. Namba isipolingana na unavyojisikia, toboa kidole.