Bagamoyo kwa miguu, na watoto nyumbani

Kutoka Mwenge hadi Bagamoyo mjini ni kilomita zipatazo 60. Kwa gari, foleni ikiwa haipo, ni mwendo wa saa moja na ushee. Kwa miguu, mtu anayekwenda kilomita tano kwa saa anahitaji saa 12 za kutembea, na hapo hajakaa chini kunywa maji wala kubadili soksi. Kikundi chetu, majirani na wafanyakazi wenza ambao wengi wetu tuna watoto wadogo, kimepanga kuigawa safari hiyo siku mbili na kulala Mapinga. Tunachangisha nauli za wanawake wanaosafiri kutoka mikoani kwenda kutibiwa fistula ya uzazi.

Watu wakisikia mpango huo huuliza habari za miguu: itahimili? Mimi nimekuja kuamini kuwa jambo gumu zaidi ni saa. Miguu ya mtu mzima mwenye afya huzoea. Lakini kila saa ambayo mama au baba yuko barabarani, kuna mtu mwingine nyumbani anayekoroga uji, anayetafuta soksi ya pili ya sare na kumbembeleza mtoto aliyeamka analia. Hiyo ndiyo michango ya kwanza ya matembezi ya hisani, na hakuna kadi ya ahadi inayoiandika.

Mazoezi yenyewe yana kanuni nyepesi. Mwendo mrefu ni mara moja kwa wiki, na umbali unaongezwa kidogo kidogo; wengi hushika asilimia 10 kwa wiki, kisha kila baada ya wiki tatu hivi wanapunguza ili mwili upone. Mifupa na kano huimarika polepole kuliko mapafu, ndiyo maana mtu anaweza kujiona ana pumzi ya kufika Bunju huku goti lake likiwa bado halijawa tayari. Safari ya siku mbili ina sharti la ziada: hufika wakati ni lazima utembee Jumamosi na Jumapili mfululizo, kwa sababu siku ya pili utaamka na miguu iliyochoka, na hali hiyo haijulikani mpaka uionje. Siku za kazi ni vipande vifupi tu. Unashuka daladala vituo viwili kabla ya chako, unapanda ngazi za ofisini, unamfuata mtoto shuleni kwa miguu.

Kipande cha Mwenge hadi Tegeta, kilomita 12.9, wakazi wa upande huu tunakijua kwa kukaa kwenye foleni. Kukitembea alfajiri ni jambo jingine. Unagundua mahali lami inapoinuka, wapi maji ya mvua yamekula ukingo wa njia, kona gani bodaboda hutokea bila taa. Tunatembea upande wa kulia ili magari yaje tukiyaona, na kila mmoja anavaa kizibao chenye kung'aa kama vile vya mafundi wa barabara. Kundi lina Waislamu na Wakristo, kwa hiyo tunaanza baada ya swala ya alfajiri, na wa misa ya pili huwa wamesharudi kuoga. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani, waliofunga walihamishia mwendo usiku baada ya tarawehe, nasi wengine tukawafuata huko. Joto nalo lina sauti yake katika ratiba. Desemba hadi Machi Dar es Salaam haifai kwa umbali mrefu. Juni hadi Agosti hewa hupoa, na safari yetu imewekwa humo, pia mapema kabla ya mtihani wa darasa la saba wa Septemba, kwa sababu wenzetu kadhaa wana watoto wanaofanya mtihani na hawakutaka kuwa barabarani wakati huo.

Nyumbani kwangu Jumapili huanza Jumamosi jioni. Sare zinapigwa pasi, unga wa uji unapimwa na kuachwa mezani, nguo za kanisani zinatundikwa kila moja na jina la mwenyewe, maana pacha wangu hugombania hata kilichofanana. Baba watoto ndiye mwenye zamu ya asubuhi. Mwanzoni pacha walikataa uji wake kwa sababu ulikuwa na mabonge, wakakaa mbele ya vikombe wakinisubiri. Hakuniita. Jumapili iliyofuata alianza kuukoroga ukiwa bado wa baridi, akapunguza moto, na leo wao wenyewe humwambia aongeze sukari. Naliona hilo kuwa sehemu ya mazoezi sawasawa na kilomita zangu, kwa sababu siku mbili za safari yenyewe sitakuwa umbali wa simu moja na nusu saa; nitakuwa Mapinga, nimelala.

Si kila nyumba ina mpango huo. Katika nyingi, saa anazozitoa mama humwangukia binti mkubwa au dada wa kazi, na hakuna anayeulizwa. Binti wa miaka 12 anaacha kitabu ili amwogeshe mdogo wake, na jioni watu wanampongeza mama kwa moyo wa kujitolea. Hilo linaniuma. Hisani inayolipiwa na mtoto wa shule au na msichana aliyetoka kijijini kutafuta riziki imekosea anwani. Kikao chetu kilichukua muda mrefu kwenye ajenda hii kuliko kwenye njia, maji na fulana kwa pamoja. Tulikubaliana kila mtembeaji aseme wazi nani anashika nyumba yake, na anayemwachia dada wa kazi amlipe saa za ziada kutoka mfukoni mwake mwenyewe, bila kugusa senti ya michango.

Bagamoyo ina historia inayoigusa ajenda hiyo moja kwa moja. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliingia pwani wakiwa na mizigo ya kilo 30 hivi kila mmoja, baada ya miezi njiani. Waliondoka kambini jua halijachomoza na kutua kabla halijawa kali, utaratibu uleule tunaoufuata leo. Katika misafara mingi walikuwamo pia wanawake na watoto. Wake wa wapagazi walibeba vyungu, chakula na watoto wachanga, na msafara ukitua, wao ndio walioanza kupika. Njia hiyohiyo ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, kwa hiyo hatuendi Bagamoyo kwa wepesi wa wenda matembezini.

Mwezi Februari 1874 uliingia pale msafara uliobeba mwili wa David Livingstone kutoka kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Majina ya Chuma na Susi, walioongoza msafara huo, yanafundishwa shuleni, na wanastahili. Katika watu wa Livingstone alikuwamo pia Halima, mpishi wake. Mhariri wa shajara za mwisho za Livingstone, Horace Waller, aliandika katika tanbihi kwamba Halima aliufuata mwili hadi Zanzibar, na akasikitika kuwa utumishi wake wa muda mrefu ulikuwa haujalipwa chochote. Mwanamke aliyetembea masafa yale akipikia wenzake amebaki katika maandishi madogo chini ya ukurasa. Nilipousoma mstari huo niliupeleka kwenye kikao, na ndio uliomaliza mjadala wa malipo ya dada wa kazi.

Kutembea kwa ajili ya jambo si kitu kigeni katika nchi hii. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, na vijana wa mikoa mbalimbali walifanya matembezi yao kwa sababu hiyohiyo. Ya leo yana tofauti moja: tunayetembea kwa ajili yake hatumwoni, na pengine hatutamjua.

Yeye ni mwanamke aliyekaa na uchungu siku moja, mbili, hata tatu, mtoto amekwama, na hospitali yenye chumba cha upasuaji iko mbali. Kichwa cha mtoto kinapoganda nyongani muda mrefu, damu haifiki kwenye nyama za kibofu na uke. Nyama zinakufa, tundu linabaki, na mkojo unavuja usiku na mchana bila kuzuilika. Mara nyingi mtoto naye hufariki. Mwanamke anarudi nyumbani hana mtoto, ana harufu, na wapo wanaoachwa na waume zao. Wengi hupona kwa upasuaji, na matibabu hutolewa bure katika hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam. Lakini bure ya hospitali haimlipii mtu basi kutoka Kigoma au Rukwa. Mwaka 2009 CCBRT na taasisi ya Vodacom walianza kutuma nauli kwa M-Pesa: balozi wa kijijini anamtambua mgonjwa, anapokea pesa kwenye simu, anamkatia tiketi na kumpandisha basi. Utaratibu mwepesi kiasi hicho uliondoa kikwazo kilichowaweka wanawake ndani miaka mingi. Umbali ndio uliomuumiza kwanza, wakati wa uchungu, na umbali ndio uliomzuia asitibiwe. Kwa hiyo kuchangia nauli kwa kutembea kunaniingia akilini kuliko hisani nyingine nilizowahi kuombwa.

Sisi Watanzania tunajua kuchanga. Kadi ya harusi ikifika, mtu anaandika ahadi, kamati inampigia simu, na siku ya mwisho hela inapatikana. Tumeuchukua mtindo huohuo: ahadi kwa kilomita. Anayeahidi shilingi 1,000 kwa kilomita atatoa 60,000 tukifika. Namba ya kupokelea imesajiliwa kwa jina la kikundi, na hesabu inasomwa kila Jumapili kwenye kundi la WhatsApp. Wenzetu waliokuzwa na vikoba walidai watu watatu wawe na kauli juu ya kila shilingi inayotoka, kama lile sanduku la kikoba lenye kufuli tatu, na sikuona aliyebisha. Nimeona pia kuwa watu wanatoa kwa moyo zaidi wakielezwa nauli ya basi kuliko wakiambiwa "kusaidia akina mama". Nauli kila mtu ameishika mkononi.

Sasa niseme ya miguu, kwa kuwa ndiyo yanayoulizwa. Raba inunuliwe jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Raba ya mtumba ya soko la Karume inaweza kung'aa huku sponji ya soli imeshakufa; ibonyeze katikati kwa kidole, isiporudi, iache. Soksi za pamba tupu hushika jasho, na jasho, joto na msuguano ndivyo vinavyozaa malengelenge. Nyumbani kwetu Jumapili mchana kuna beseni la maji ya uvuguvugu sebuleni. Binti yangu mkubwa hushika tochi ya simu na kukagua nyayo zangu, kisigino kwanza, halafu chini ya vidole, akigusa kila mahali pekundu na kuuliza kama panauma. Lengelenge dogo analiacha lilivyo na kulifunika plasta. Kubwa lililojaa maji nalitoboa mwenyewe pembeni kwa sindano safi na kuiacha ngozi ya juu mahali pake. Kisha yeye hupaka mafuta ya mgando katikati ya vidole, pacha wakitaka wapakwe na wao.

Maji yanataka akili. Kuna wanaodhani kadiri unavyokunywa ndivyo unavyokuwa salama, lakini jasho linatoka na chumvi. Ukimwaga maji matupu mwilini kwa saa nyingi, sodiamu ya damu hushuka, kichwa kinauma, unatapika, unaweza kuchanganyikiwa. Kunywa kiu inapokuja, na kula chenye chumvi. Mifukoni tunabeba karanga za chumvi, viazi vitamu vya kuchemsha na ndizi mbivu, na penye madafu tunasimama.

Mama mkwe wangu alipokuja kutusalimia aliniangalia nikifunga kamba za raba, akaniambia, "Mwanangu, magari yamejaa tele, wewe unakwenda Bagamoyo kwa miguu?" Nikamweleza habari ya yule mwanamke na basi lake. Alikaa kimya kidogo, akasema yeye mwenyewe alijifungulia njiani, mtoto wa pili, kabla hawajafika zahanati. Baba mkwe alikuwa hajawahi kunisimulia hilo, wala mume wangu hakuwa analijua. Aliahidi shilingi 500 kwa kilomita, na akasema siku hizo mbili atakuja kukaa na wajukuu.

Yaliyobaki ni ya Mapinga. Mmoja wetu ananyonyesha. Mama yake atamleta mtoto kwa daladala jioni ya siku ya kwanza, na wenye nyumba tutakayolalia wametupa chumba kimoja kwa ajili yao watatu. Asubuhi tutaondoka saa kumi na moja kuelekea Kerege na Zinga, na yule bibi atarudi mjini na mtoto kwa daladala ya kwanza. Nauli yake ya kwenda na kurudi tumeshaichanga, kando.