Friji la Zamani na Uniti 75

Mteja mdogo wa TANESCO aliye kundi la D1 hununua umeme kwa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, zinazozidi hutozwa 350 kila moja. Kwa nyumba inayobana matumizi, hapo ndipo pa kuanzia kila unapojiuliza kama chombo cha zamani kibaki au kiondoke.

Pangaboi halina kesi. Ukiliwasha likaunguruma bila kuzunguka, lakini ukalisukuma kwa mpini wa ufagio likashika mwendo, usikimbilie dukani. Mara nyingi kilichochoka ni kapasita, na bei yake haikaribii ya pangaboi jipya. Fundi asome maikrofaradi zilizoandikwa ubavuni na kuweka ya kiwango kilekile. Ya kubwa zaidi inaweza kuunguza koili. Pangaboi la wati 70 likizunguka saa nane kila usiku hula kama uniti 17 kwa mwezi. Libaki, hata kama ni la enzi za babu.

Televisheni ya chogo nayo itafanya kazi ikipata king'amuzi, ila usiifungue mwenyewe: kioo chake huweza kubaki na maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Mlaji mkubwa ni friji. Chukua la wati 150 ambalo kompresa yake huwaka jumla ya saa 12 kwa siku: hiyo ni uniti 54 kwa mwezi. Jumlisha na pangaboi, umefika 71, na pasi hujaigusa. Sasa mpira wa mlango ukilegea, joto likaingia mchana kutwa, kompresa ikawa inawaka saa 20, friji peke yake linakula uniti 90. Mwenye nyumba atalalamika mita ya LUKU inakimbia, kumbe ni mpira tu. Bana noti mlangoni kisha uivute. Ikitoka bila kukwama, badili mpira. Lisogeze friji mbali na ukuta, pangusa vumbi kwenye koili za nyuma.

Gesi ni habari nyingine. Mafriji ya zamani sana yalijazwa R12, gesi inayoharibu tabaka la ozoni na ambayo Mkataba wa Montreal wa 1987 uliiweka kwenye orodha ya kuondolewa. Fundi akikuambia atajaza R134a na kuondoka, muulize kuhusu oili. Oili ya kompresa ya R12 haichanganyiki vizuri na R134a, kwa hiyo kompresa hukosa ulainisho na kufa mapema. Fundi asiye na jibu mwambie asante, akapumzike.

Usimsikilize muuzaji wala jirani, sikiliza mita. Jioni zima kila kitu, acha friji peke yake, andika uniti zilizobaki. Asubuhi soma tena, zidisha mara mbili, na ujue mchana halisi utazidi kidogo kwa sababu mlango unafunguliwa. Likifika uniti mbili na nusu kwa siku hata baada ya kubadili mpira, limemaliza mgawo wako wote wa mwezi. Hilo liondoe.