Viatu Mlangoni: Mgeni katika Nyumba za Ibada za Kibera na Kawangware

Aghalabu mtafiti wa fasihi simulizi hujiandaa kwa maswali, akasahau kuwa katika nyumba ya ibada miguu hutangulia ulimi. Adabu ya mlangoni yafaa ifahamike mapema.

Katika msikiti wa Makina, Kibera, miongoni mwa Wanubi ambao babu zao walikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la kikoloni, mgeni huvua viatu kwa ajili ya tohara: sakafu ikanyagwayo ndiyo paji la uso huigusa katika sijida. Mwanamke hujifunika kichwa na kuelekea sehemu ya wanawake. Mgeni hapiti mbele ya anayeswali. Huketi nyuma kwa utulivu.

Kwa Akorino wa Kawangware viatu huvuliwa pia, ila kwa sababu nyingine: Musa aliamriwa kuvua viatu mbele ya kijiti kilichowaka moto, kwa kuwa mahali pale palikuwa patakatifu. Waumini, wake kwa waume, hufunika vichwa, nao huketi pande mbili. Hapa ngoma hulia, tofauti na msikitini.

Desemba 2001, mzozo wa kodi za nyumba Kibera uligeuka kuwa mapigano baina ya wapangaji na wenye nyumba, wengi wao Wanubi. Kuzuru ibada ya jirani hakumalizi mzozo wa kodi. Hata hivyo, hupunguza ule ugeni ambamo uvumi huota mizizi.